Chembe nano za sumaku kwa picha za uvimbe wa saratani: kuzitengeneza, kuzipima na kuzijaribu kwenye MRI

Chembe nano za oksidi ya chuma zikiingia kwenye damu, nyingi haziendi kwenye uvimbe. Huishia kwenye ini. Seli za Kupffer, ambazo kazi yake ni kumeza uchafu unaopita na damu, huzikamata, zile kubwa ndani ya dakika chache, na kwenye picha ya T2 ya MRI (picha ya sumaku inayoonyesha jinsi ishara ya tishu inavyofifia haraka) ini lenye afya hugeuka jeusi. Uvimbe wa saratani hauna seli hizo, au unazo chache mno, kwa hiyo hubaki angavu katikati ya weusi. Tezi za limfu nazo ni hivyo hivyo: iliyo salama husheheni chembe ikawa nyeusi, iliyovamiwa na saratani hubaki na mwanga wake. Utafiti wa Harisinghani na wenzake uliochapishwa mwaka 2003, uliohusu wagonjwa wa saratani ya tezi dume, ulitegemea jambo hilo hilo kwa chembe zinazoitwa ferumoxtran-10.

Wengi huanza kazi hii wakiwa na wazo tofauti: chembe zilizovikwa kingamwili, zinazousaka uvimbe mpaka zikaupata. Chembe za namna hiyo zipo kwenye maabara nyingi na kwa panya zinapendeza. Hospitalini, kilichotumika kweli kwa miaka ni kuangalia mahali ambapo chembe hazikuingia. Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Umekusudiwa mwanafunzi wa uzamili, mkemia au fundi wa picha aliye Kampala, Mbarara au Gulu, mwenye maabara ya kawaida ya chuo na anayeweza kuomba saa moja au mbili za mashine ya MRI baada ya wagonjwa kuisha. Kazi inaishia kwenye fantomu ya agarosi, yaani mfano wa kiungo uliotengenezwa kwa jeli ili upigwe picha. Chembe utakazopika hapa hadungwi mtu, kwa sababu hazina usafi wa dawa ya sindano wala hazijapimwa sumu ya bakteria. Ukitaka kwenda kwa wanyama, pitia kamati ya maadili ya chuo na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST). Dawa ya binadamu ni jambo la Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA), na safari yake ni ndefu.

Ukubwa ndio unaoamua chembe ziende wapi

Kuna vipenyo viwili, na kuvichanganya huharibu ripoti nzima. Cha kwanza ni cha kiini cha magnetaiti (oksidi nyeusi ya chuma yenye usumaku), ambacho tunakitaka kiwe kama nanomita 8 hadi 12. Kikiwa kidogo hivyo, chembe hushika usumaku pale tu inapokuwa ndani ya uga wa sumaku. Uga ukiondoka, usumaku nao unapotea. Zikipita sana nanomita 20 huanza kubaki na usumaku wake, na hapo hunasana zenyewe chupani.

Kipenyo cha pili ni cha chembe ikiwa majini pamoja na ganda lake, na hiki ndicho mwili unachokiona. Ferumoxides, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa picha za ini na kuacha kuuzwa huko mwaka 2008, ilikuwa na nanomita 120 hadi 180, ndiyo maana ini liliimeza upesi. Zilizo chini ya nanomita 50 hukaa kwenye damu muda mrefu, zikapata nafasi ya kufika kwenye tezi za limfu. Ferumoxtran-10 hupigiwa picha saa 24 hadi 36 baada ya kudungwa. Ferumoxytol, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kama dawa ya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, ipo kwenye kundi hili la chembe ndogo, na madaktari wa picha huitumia nje ya kibali chake cha asili. Tangu 2015 inabeba onyo kali kuhusu mzio unaoweza kuua. Hilo likukumbushe kwamba hata iliyotoka kiwandani si ya mchezo.

Malighafi na vifaa

Kwa mpiko mmoja utakaotoa karibu gramu 2.3 za magnetaiti unahitaji:

- kloridi ya chuma (III) yenye maji sita, gramu 5.41 (milimoli 20)
- kloridi ya chuma (II) yenye maji manne, gramu 1.99 (milimoli 10)
- amonia ya asilimia 25, mililita 20
- asidi ya sitriki, gramu 2.5
- asetoni, kama lita moja
- maji yaliyoondolewa ioni, lita kadhaa
- naitrojeni au agoni

Kloridi ya chuma (II) ndiyo inayoleta matatizo. Chupa mpya huwa na chumvi ya kijani kibichi iliyopauka. Ukifungua ukakuta rangi ya njano au kahawia, sehemu yake imeshakuwa chuma (III), na ule uwiano wa 2 kwa 1 unaoutegemea haupo tena hata kama mizani imesoma sawasawa. Ikikosekana nzuri, tumia salfeti ya chuma (II) yenye maji saba, gramu 2.78, hupatikana kwa urahisi zaidi na hudumu zaidi chupani. Kloridi ya chuma (III) nayo hunyonya unyevu. Msimu wa mvua Kampala utaiona ikilowa juu ya mizani, kwa hiyo ipime ya mwisho na uimimine mara moja.

Naitrojeni ikisumbua kupatikana, agoni ya mafundi wa kuchomelea hufanya kazi hiyo hiyo. Hakikisha ni agoni tupu. Mitungi mingine ya kuchomelea ina mchanganyiko wenye kaboni dioksidi. Maji yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari yapime kwanza kwa mita ya kondaktiviti (upitishaji umeme), maana ubora wake hubadilika kutoka dumu hadi dumu.

Vyombo vya glasi vilale usiku kucha kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, kisha visuuzwe vizuri. Vumbi letu jekundu ni jekundu kwa sababu ya chuma, na linaingia kila mahali. Kwenye kupika halidhuru. Kwenye kupima chuma linaweza kukupa namba ya uongo.

Usitumie kikorogeo cha sumaku. Kile kifimbo kitavuta magnetaiti yote na kuivaa kama manyoya, halafu utakuwa unakoroga maji matupu. Tumia kikorogeo cha mota kinachoshuka kutoka juu, chenye kasia la glasi au teflon.

Kupika

Fanya yote ndani ya kabati la kufyonza mvuke, ukiwa na miwani na glavu. Amonia iliyokaa kwenye joto hujenga mgandamizo, hivyo ipoze chupa kabla ya kuifungua.

1. Mimina mililita 100 za maji kwenye chupa ya shingo tatu. Pitisha gesi ndani ya maji kwa dakika 30 ili oksijeni itoke.
2. Tia chumvi zote mbili za chuma. Koroga hadi upate rangi ya chungwa iliyo wazi. Ukiona ukungu au tope, chumvi ilikuwa imeharibika.
3. Pandisha joto hadi 70 °C, gesi ikiendelea, kikorogeo kikizunguka kwa nguvu, kama mizunguko 800 kwa dakika.
4. Ongeza amonia yote ndani ya sekunde chache. Rangi itageuka nyeusi papo hapo. Pima pH: iwe 10 au zaidi. Amonia ya zamani huwa imepoteza nguvu. Kama pH haijafika 10, ongeza kidogo kidogo.
5. Acha ikorogeke dakika 30 kwa 70 °C.
6. Yeyusha asidi ya sitriki kwenye mililita 5 za maji, itie, kisha pandisha joto hadi 85 °C kwa dakika 90.
7. Acha ipoe huku ikikorogwa, gesi ikiwa bado wazi.

Hatua ya 4 ni ya haraka kwa makusudi. Amonia ikidondoshwa polepole, viini vichache vya kwanza hukua vikawa vikubwa na vingine hubaki vidogo, na utapata chembe za kila ukubwa. Ikiingia kwa mkupuo, viini vingi huzaliwa kwa pamoja na kukua kwa pamoja.

Kuhusu hatua ya 6: maandiko mengi husema 95 °C. Yaliandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari. Kampala, mita 1,200 juu ya bahari, maji huchemka karibu na 96 °C. Mbarara karibu na 95 °C. Kabale hata chini ya hapo. Ukifuata maandiko hayo utakuwa unachemsha chungu, maji yanapungua na povu linapanda. 85 °C kwa muda mrefu zaidi inatosha.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usifunge gesi. Koroga kwa fimbo ya glasi. Dakika chache hazidhuru wakati wa sitriki, lakini ukikatika mara tu baada ya amonia, kabla chembe hazijapata ganda, nusu saa ya kutulia chini hutosha kuzigandamanisha, na mpiko huo ni bora uutupe.

Rangi husema mengi. Nyeusi tii inayokimbilia sumaku ni magnetaiti. Kahawia iliyokolea inayokimbilia sumaku ni magnetaiti iliyooksidika kuwa maghemaiti. Usumaku wake umepungua kiasi lakini bado inafaa, na kwa kweli chembe zako zote zitaelekea huko zikikaa miezi kwenye rafu. Kahawia ya kutu au ya chungwa isiyojali sumaku ni oksidi na hidroksidi nyingine za chuma. Hiyo inatokana na oksijeni iliyoingia, pH iliyokuwa chini, au chuma (II) kilichokuwa kimeharibika tangu chupani.

Kuosha, na dalili ya kwamba ganda limeshika

Weka sumaku ya neodimiamu kando ya bika. Chembe zisizo na ganda zuri hukimbilia ukutani ndani ya nusu dakika na kuacha maji safi. Zilizovikwa sitriki vizuri hukataa: kimiminika chote cheusi huinama kuelekea sumaku bila kuachana na maji. Wanafunzi wengi huiona hali hii wakadhani wamekosea, kumbe ndiyo wanayoitafuta.

Ili uzikusanye, ongeza asetoni mara mbili ya ujazo. Zitaanguka, sumaku itazishika, umwage maji ya juu. Rudia mara tatu. Kisha zitawanye kwenye maji safi mililita 100, kwa bafu la mawimbi ya sauti dakika 15 kama lipo. Zimimine kwenye mfuko wa dayalisisi (utando unaopitisha chumvi na kuzuia chembe) wa kilodaltoni 12 hadi 14 na uuzamishe kwenye lita 5 za maji, ukibadilisha maji kila baada ya saa kadhaa kwa siku moja au mbili, mpaka kondaktiviti ya maji ya nje ikaribiane na ya maji mapya. Sitriki iliyobaki huru inavuruga vipimo vinavyofuata, kwa hiyo usifupishe hapa. Chunga pia pH: ikishuka chini ya 4, sitriki huanza kula chuma na maji ya nje yanakuwa ya njano. Irekebishe hadi kati ya 7 na 7.4 kwa soda kali iliyozimuliwa sana.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa g 1,500 dakika 10, chukua sehemu ya juu, uipitishe kwenye kichujio cha mikromita 0.22. Kichujio kikiziba baada ya mililita mbili tatu, usisukume kwa nguvu. Kinakwambia kuna mabonge, na mabonge hayaondoki kwa misuli.

Chuo kikiwa na mashine ya kupima ukubwa kwa mtawanyiko wa mwanga, pima sampuli iliyozimuliwa hadi iwe na rangi ya chai hafifu. Nyeusi mno hutoa namba zisizo na maana. Kama haipo, kuna jaribio la chupa ya dripu. Changanya mililita 1 ya chembe na mililita 9 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ya hospitali, acha usiku mzima, asubuhi inua chupa mbele ya taa na utazame kitako. Ganda la sitriki linashikilia kwa chaji ya umeme pekee, na chumvi hudhoofisha chaji hiyo, hivyo mashapo kidogo yasikushangaze. Mashapo mengi yenye maji meupe juu yake yanamaanisha kwamba chembe hizo zikiingia kwenye damu zitakuwa mabonge.

Ukitaka ganda linalovumilia chumvi, tumia dekstrani ya kilodaltoni 40. Hapo utaratibu hubadilika: dekstrani hutangulia. Chukua mililita 10 za dekstrani ya asilimia 50, changanya na mililita 10 za maji yenye gramu 1.51 za kloridi ya chuma (III) na gramu 0.64 za kloridi ya chuma (II), kisha dondoshea amonia ya asilimia 7.5 hadi pH ifike 10 au 11, ukaweke kwenye 60 hadi 65 °C kwa dakika 15. Mavuno ni madogo, na kuondoa dekstrani iliyozidi ni kazi ya kuchosha, lakini zinatulia kwenye chumvi kwa wiki nyingi.

Kujua una chuma kiasi gani

Kila kitu kinachofuata kinagawanywa kwa ukolezi wa chuma. Ukikosea hapa kwa asilimia 20, relaksiviti yako (nguvu ya chuma kubadilisha ishara ya MRI: r1 huing'arisha picha, r2 huififisha) imekosewa kwa asilimia 20, hata kama mashine ya MRI ni ya bei gani. Usikadirie kwa uzito wa chumvi ulizoanza nazo. Sehemu ilipotea kwenye asetoni na kwenye kichujio.

Njia ya fenantrolini inahitaji spektrofotomita ya kawaida tu. Chukua mikrolita 100 za chembe, ongeza mililita 1 ya asidi ya haidrokloriki iliyokolea, funika, weka kwenye 60 °C kwa saa 2 au mpaka weusi wote uishe na ubaki unjano ulio wazi. Jaza maji hadi mililita 100. Kutoka hapo chukua mililita 5, tia kwenye chupa ya kipimo ya mililita 50, ongeza mililita 1 ya haidroksilamini ya asilimia 10, mililita 5 za fenantrolini ya asilimia 0.1 na mililita 8 za asetati ya sodiamu ya mola 1. Jaza maji hadi alama, subiri dakika 15, soma kwenye nanomita 510.

Rangi hiyo ya chungwa ina kifyonzo cha molari cha karibu 11,100. Kwa hiyo usomaji wa 0.333 kwenye kuveti ya sentimita 1 ni mikromola 30, na ukirudisha mizimuo (mara 10, halafu mara 1,000) chupa yako ina milimola 300 za chuma, yaani milimoli 300 kwa lita. Tengeneza pia mstari wa viwango wenye nukta tano na sampuli tupu iliyopitia hatua zote. Sampuli tupu ikitoa rangi, rudi kwenye kile kisa cha vumbi na vyombo.

Kosa la kawaida ni kusoma kabla chembe hazijayeyuka zote. Magnetaiti iliyobaki haitoi rangi na fenantrolini, kwa hiyo utapata chuma pungufu, na relaksiviti itaonekana kubwa na nzuri kuliko ilivyo. Namba nzuri mno ishuku.

Mfululizo wa mirija na kipimo cha r2

Zimua chembe hadi milimola 8 za chuma. Kwenye mirija ya mililita 15 tia mikrolita 0, 62.5, 125, 250, 500 na 1,000, ukiongeza maji kila mrija ufike mililita 1. Chemsha agarosi ya asilimia 1.1, iache ipoe hadi karibu 50 °C, mimina mililita 9 kwenye kila mrija na ugeuze taratibu mara tano. Utakuwa na milimola 0, 0.05, 0.1, 0.2, 0.4 na 0.8. Usitikise. Kiputo kimoja cha hewa huchora doa jeusi kubwa kuliko chenyewe, lile lile ambalo chembe zako zingelichora. Agari ya dukani ya kupikia jeli ina chumvi na inaweza kuzigandisha chembe. Nunua agarosi ya maabara.

Simamisha mirija ndani ya chombo cha plastiki kilichojaa maji, si hewani. Iache kwenye chumba cha mashine saa kadhaa ili joto lilingane, na uandike joto hilo. Ile sumaku ya neodimiamu ibaki maabara. Ikiingia kwenye chumba cha MRI mfukoni mwa koti, itaruka, na itakachokigonga hakitakuwa cha bei rahisi.

Kwa mashine ya tesla 1.5, tumia mwangwi wa spini wenye miangwi mingi: TR (muda kati ya mpigo na mpigo) 3,000 ms, TE (muda hadi mwangwi usomwe) kuanzia 8 au 10 ms, kwa hatua ndogo, hadi 200 ms au zaidi. Ili ujue nini utarajie, chukua agarosi yenye T2 ya 125 ms na chembe zenye r2 ya 100 kwa milimola kwa sekunde. Mrija wa 0.2 utakuwa na T2 ya karibu 36 ms, wa 0.4 karibu 21, na wa 0.8 karibu 11 tu. Kama mwangwi wako wa kwanza uko kwenye 20 ms, mrija huo wa mwisho umeshafifia kabla hujaanza kuhesabu.

Kwenye kila mrija chora duara katikati, mbali na ukuta, pata wastani wa mwanga kwa kila TE, na ulinganishe na mteremko wa kieksponenti. Achana na mwangwi wa kwanza, mara nyingi huwa na hitilafu. Achana pia na nukta zilizozama kwenye kelele: kwenye picha ya MRI kelele haishuki hadi sifuri, kwa hiyo nukta hizo huulaza mkia wa mchoro, T2 inaonekana ndefu na r2 inapungua. Kisha chora 1/T2 dhidi ya ukolezi wa chuma. Mteremko wa mstari ndio r2. Mstari ukipinda kwenye ukolezi mkubwa, tafuta kwanza kelele, kisha mabonge.

Kwa kulinganisha, ferumoxytol kwenye tesla 1.5 ina r1 ya karibu 15 na r2 ya karibu 89. Dawa za kawaida za gadolini zina r1 ya karibu 4.

Fantomu ya ini lenye uvimbe

Ferumoxides ilitolewa kwa miligramu 0.56 za chuma kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni miligramu 34. Karibu asilimia 80 huishia kwenye ini. Likiwa na kilo 1.5, hiyo ni kama milimola 0.3. Basi ini letu la agarosi nalo liwe la milimola 0.3.

Tengeneza uvimbe kwanza kwa agarosi isiyo na chuma. Kata ncha ya sirinji, jaza agarosi, ikiganda isukume nje na ukate vipande vyenye urefu sawa na kipenyo: ya mililita 1 hutoa kipande cha karibu milimita 5, ya mililita 5 karibu milimita 12, ya mililita 20 karibu milimita 20. Mimina tabaka la agarosi yenye chembe kwenye kopo la nusu lita, likianza kuganda pandika vipande, kisha mimina tabaka la pili likiwa karibu 45 °C. Vipande haviyeyuki, kwa sababu agarosi ikishaganda huhitaji joto la juu zaidi, zaidi ya 80 °C, ili iyeyuke tena. Piga picha siku hiyo au ya pili yake. Baadaye chembe huanza kupenya na kingo hufifia.

Piga mara mbili: mwangwi wa spini wa T2, na mwangwi wa gradienti wenye TE ya 10 hadi 14 ms. Huu wa pili hufanya ini kuwa jeusi zaidi, lakini weusi wake humwagika nje ya mipaka, na kipande cha milimita 5 huonekana kimeliwa pembeni. Ukichagua unene wa kipande cha picha cha milimita 5, uvimbe huo mdogo unaweza kupotea kabisa. Tumia milimita 3.

Mbarara kuna jambo la ziada. Mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kikishirikiana na wataalamu wa Leiden, Uholanzi, kiliunganisha hapo hapo mashine ya MRI ya militesla 50 inayotumia sumaku za kudumu. Kwenye uga mdogo hivyo, chembe ya nanomita 10 inakuwa imeshafikia zaidi ya nusu ya usumaku wake wote, wakati athari ya kupotosha uga unaoizunguka ni ndogo. Kwa mashine ya aina hiyo, tumia picha ya T1 (inayoonyesha jinsi tishu inavyorudisha usumaku wake haraka) yenye TR fupi na utegemee chembe zing'ae badala ya kuzima. Namba za r2 za tesla 1.5 usizihamishie huko, pima upya.

Fantomu haitakuonyesha haya

Ini la agarosi ni sawasawa kila upande. Ini la mgonjwa sivyo. Saratani ya ini hapa Uganda mara nyingi inaambatana na homa ya ini B na aflatoksini, na kwa wengi ini limeshakuwa na makovu. Makovu hayamezi chembe, nayo hubaki angavu kama uvimbe. Upande wa pili, saratani ya ini iliyo changa na inayofanana bado na tishu ya kawaida inaweza kuwa na seli za Kupffer za kutosha, ikawa nyeusi pamoja na ini, ikapita bila kuonekana. Mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi tayari ana ini jeusi kwa chuma cha damu hizo. Damu iliyovuja, hewa ya utumbo na klipu za upasuaji huchora madoa yale yale. Ndiyo maana picha ya kabla ya chembe haina mbadala: bila hiyo hujui weusi umetoka wapi.

Tena, chembe zilizomezwa na seli hubanana kwenye vifuko vidogo ndani yake. Zikibanana, r1 hushuka sana na athari ya T2 kwenye mwangwi wa gradienti hubadilika. Namba ulizopata kwenye agarosi ni za chembe zilizotawanyika, ziripoti hivyo.

Chembe zilizobaki zihifadhi kwenye chupa nyeusi, 4 °C, mbali na kisanduku cha barafu cha friji, kwa kuwa zikiganda mara moja tu hazitatawanyika tena. Juu ya chupa andika tarehe ya mpiko, aina ya ganda, milimola za chuma na pH. Kila mwezi rudia jaribio la dripu na pima ukolezi upya, ukichukua sampuli katikati ya chupa bila kuitikisa. Ikiwa umeshuka kwa zaidi ya asilimia 10, chuma kimeshuka kitakoni na chupa hiyo haifai tena kwa vipimo.